Randa ni Makali: Namna ya Kuichagua, Kuinoa na Kuitumia

Wengi wenu mmetuuliza juu ya vifaa vya useremala, na hasa juu ya randa. Mnauliza: tununue ya namna gani? Mpya au ya mkono wa pili? Na kwa nini vikundi vingine hununua randa, vikaitumia wiki mbili tu, halafu inakwenda kulala chini ya meza?

Leo tunajibu. Lakini kwanza tuwasimulie jambo lililotufundisha sisi wenyewe.

MADAWATI YALIYORUDISHWA

Miaka michache iliyopita kikundi kimoja cha upande huu wa Cheptais, chenye wanachama 14, wengi wao akina mama na vijana wachache, kilipata kazi ya kutengeneza madawati 40 ya shule ya msingi. Kwao hiyo ilikuwa kazi kubwa. Walichanga, wakakopa kwenye mfuko wa kikundi, wakanunua mbao za saiprasi, misumari, msumeno, nyundo na randa moja mpya. Sisi ndio tuliowashauri. Tuliandika orodha ya vifaa, tukapiga hesabu pamoja nao, tukawatakia heri, tukaenda zetu.

Madawati 12 ya kwanza yalipofika shuleni, mwalimu mkuu alipitisha mkono juu ya ubao wa kuandikia. Akautoa ukiwa na kibanzi kidoleni. Akayarudisha yote 12. Alisema watoto watararua nguo, na daftari haitakaa juu ya ubao wenye mabonde.

Basi maneno yakaanza. Wengine walisema mweka hazina alinunua randa feki ya bei ya chini ili abaki na chenji. Mama wa watu alileta risiti, hakuna aliyetaka kuiangalia. Mkutano uliofuata walikuja watu sita tu. Ninyi mliokaa kwenye vikundi mnajua: kikundi huweza kuvumilia umaskini miaka mingi, lakini shaka ikiingia, hakimalizi mwezi.

Tulipoitwa, tulikwenda na mzee mmoja fundi wa siku nyingi. Yeye hakuuliza nani alinunua wala kwa bei gani. Alishika ile randa, akaipindua, akatazama kisu chake kwenye mwanga wa mlango.

"Hii haijanolewa tangu itoke dukani," akasema. "Tena kisu kimewekwa juu chini. Nipeni jiwe."

Jiwe halikuwepo. Tukatoa ile orodha yetu tuliyoiandika wenyewe, tukaisoma mstari kwa mstari. Hatukuwa tumeandika jiwe la kunolea! Tuliwafanya watu watumie pesa zao kununua randa, na hatukuwaambia kwamba randa hutoka dukani bila makali ya kufanyia kazi.

Mzee alituma kijana nyumbani kwake akalete jiwe lake. Akanoa kwa muda wa kama saa moja, watu wamesimama wakimtazama. Kisha akairudishia randa kisu chake, akaisukuma juu ya dawati moja katika yale yaliyokataliwa. Likatoka randa refu, jembamba kama karatasi, na ubao ukabaki laini. Ilikuwa randa ile ile iliyoitwa feki. Mweka hazina hakusema neno, lakini watu waliacha kumwangalia usoni, kwa aibu.

Madawati yale yalipigwa randa upya, yakapokelewa. Kazi ilichelewa, na faida ikapungua, lakini kikundi kilipona. Kwa hiyo kila mara tukizungumza juu ya randa tunaanza na neno hili: ukinunua randa, bado hujanunua makali. Makali unayatengeneza wewe mwenyewe, na unayatengeneza tena na tena. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

KWA NINI RANDA NI MUHIMU

Mbao nyingi tunazonunua huku hupasuliwa kwa msumeno wa injini, msituni au shambani. Msumeno huo huacha mikwaruzo mirefu na mawimbi. Ubao upande mmoja ni mnene, upande mwingine mwembamba. Ukiunganisha mbao za namna hiyo, viungo haviumani, mlango haufungi, meza inacheza. Randa ndiyo inayoondoa hayo yote: inanyoosha, inasawazisha na kulainisha.

Tena mbao zimekuwa ghali. Mnakumbuka Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Julai 2023 Rais alitangaza kuondoa marufuku hiyo, lakini tulikuwa tumekwisha jifunza kwamba mbao si kitu cha kuchezea. Randa butu inaharibu mbao. Inang'oa nyuzi badala ya kuzikata, na kila ukijaribu kurekebisha unazidi kuupunguza ubao, mpaka ubao wa inchi moja unabaki kama kipande cha boksi.

Na kuna kazi. Mwishoni mwa mwaka 2020 serikali ilitoa kazi ya kutengeneza madawati ya shule kwa mafundi wa jua kali sehemu nyingi za nchi. Kazi kama hizo zinapokuja, hupata faida yule ambaye vifaa vyake viko tayari na mkono wake umezoea.

RANDA YA MBAO NA RANDA YA CHUMA

Randa ni kifaa cha zamani sana. Warumi walikuwa nazo. Baadhi zilichimbuliwa katika mji wa Pompeii, uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79. Neno lenyewe "randa" si la kwetu asili, limetoka katika Kiajemi na Kihindi. Huku kwetu utaona aina mbili.

Randa ya mbao. Hii ni gogo dogo la mti mgumu lililotobolewa katikati, lina kisu, na kisu kinabanwa kwa kabari. Ni nyepesi, na fundi mwenye ujuzi anaweza kuitengeneza mwenyewe, akanunua kisu peke yake. Ukitaka kisu kishuke, unakigonga juu taratibu kwa nyundo ya mti. Ukitaka kilegee na kurudi juu, unagonga kisogo cha randa. Shida yake ni kwamba mbao hunywa unyevu. Wakati wa mvua tumbo lake hubadilika, ukaona jana ilikuwa inafanya kazi na leo inakataa. Mdomo wake pia hupanuka kwa kutumika.

Randa ya chuma. Umbo lake la leo ni la Mmarekani aitwaye Leonard Bailey, ambaye miaka ya 1860 alibuni namna ya kushusha na kupandisha kisu kwa kuzungusha gurudumu dogo badala ya kugonga kwa nyundo. Kampuni ya Stanley ilinunua haki zake mwaka 1869, na tangu hapo viwanda vya nchi nyingi vimeiga. Hilo linatufaa sisi wenye pesa kidogo, kwa sababu randa ya miaka 50 iliyopita hufanya kazi kama ya leo, na mara nyingi kisu cha inchi 2 cha randa moja huingia kwenye nyingine.

Kwa kikundi kinachoanza, sisi tunashauri ya chuma, maana ni rahisi kuwafundisha wengi kuipanga. Lakini aliye na randa nzuri ya mbao aliyoachiwa na babake asiitupe. Inolewe.

TUNUNUE YA UREFU GANI?

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanaangalia wepesi na bei, hawaangalii urefu. Urefu wa randa ndio unaoamua jinsi ubao utakavyonyooka. Fikirieni barabara yetu ya mlimani yenye mabonde. Baiskeli inashuka katika kila bonde na kupanda kila tuta. Lakini ukilaza mlingoti mrefu juu ya barabara hiyo, utagusa matuta tu. Randa fupi ni kama baiskeli, inafuata mabonde ya ubao. Randa ndefu inakata matuta kwanza, mpaka ubao unanyooka.

Randa za chuma hutambulika kwa namba:

1. Namba 4 ina urefu wa kati ya inchi 9 na 10, kisu inchi 2. Ni ya kulainisha kazi iliyokwisha nyooka.
2. Namba 5 ina urefu wa inchi 14 hivi, kisu inchi 2. Ni ya kazi zote: kuondoa mikwaruzo ya msumeno, kunyoosha, na ikinolewa vizuri hulainisha pia.
3. Namba 7 ina urefu wa inchi 22 hivi, kisu kipana kidogo kupita inchi 2. Ni ya kunyoosha kingo za mbao ndefu, kwa mfano ukitaka kuunganisha mbao mbili ziwe juu ya meza moja.

Kama kikundi kina pesa ya randa moja tu, nunueni namba 5. Mkipata faida, ongezeni namba 4. Namba 7 ingoje mpaka muwe na kazi ya milango na meza kubwa.

MPYA AU MKONO WA PILI?

Msiogope ya mkono wa pili. Kutu ya juu juu si ugonjwa, huondoka kwa msasa na mafuta. Ila yako magonjwa yasiyopona. Kabla hamjatoa pesa, kagueni hivi:

Kwanza, angalieni mdomo, yaani ule mwanya wa tumboni anapochungulia kisu. Mwili wa randa ni chuma cha kumiminwa, aina inayovunjika ikianguka sakafuni. Ufa mwembamba kama unywele karibu na mdomo ni sababu ya kuiacha. Pangusa uchafu, isogeze kwenye mwanga, angalia pande zote mbili.

Pili, lazeni rula ya chuma juu ya tumbo la randa, muinue machoni mkitazama mwanga. Mwanga kidogo si neno. Lakini kama sehemu ya mbele, sehemu ya mdomo na sehemu ya nyuma hazigusi rula kwa pamoja, randa hiyo haitanyoosha kitu.

Tatu, toeni kisu. Kipimeni kama kimebaki cha kutosha, maana kila kunolewa hupungua. Tazameni upande wake bapa karibu na makali. Kutu iliyochimba mashimo pale haifai, kwa sababu makali yatakuwa na mapengo kama meno ya mzee.

Nne, zungusheni gurudumu. Kisu kinapaswa kupanda na kushuka. Tikiseni mshikio. Ukicheza tu, hukazwa. Ukiwa umevunjika, fundi anaweza kuchonga mwingine.

Mkinunua mpya, kagueni vivyo hivyo. Upya peke yake si dawa. Na katika hesabu yenu andikeni jiwe la kunolea kwenye mstari ule ule wa randa. Msifanye kama tulivyofanya sisi. Kama pesa haitoshi kwa vyote viwili, ngojeni mwezi mmoja zaidi.

KUNOA

Mnahitaji jiwe la mafuta lenye nyuso mbili, upande mmoja wenye kukwaruza na mwingine laini. Mafuta yake yawe mepesi. Ya injini yaliyochanganywa na mafuta ya taa yanafaa. Asiye na jiwe anaweza kubandika msasa wa maji juu ya kioo kinene na kuanza na namba 240, kisha 400, 800 na 1200. Ni njia nzuri, ila msasa huisha upesi, na kwa muda mrefu jiwe ni rahisi zaidi.

Hatua ni hizi:

1. Toa kisu, kitenganishe na kifuniko chake. Laza upande bapa juu ya jiwe, kabisa kabisa, usiuinue hata kidogo. Sugua mpaka sehemu iliyo karibu na makali ing'ae yote. Kwa kisu kipya kazi hii inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, lakini inafanywa mara moja tu. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo maana visu vyao havikubali.

2. Geuza. Sasa unanoa ule mshazari. Kiwandani mshazari hukatwa kwa digrii 25, na makali yenyewe hunolewa kwa 30. Hamna kipimo? Pimeni kwa macho: mshazari wa digrii 25 ni mrefu karibu mara mbili na nusu ya unene wa kisu, wa digrii 30 ni mara mbili kamili. Weka mshazari wote juu ya jiwe, kisha inua kisogo kidogo tu. Sukuma na kuvuta bila kubembeza mikono. Mikono ikibembea, makali yatakuwa mviringo kama mgongo wa kobe.

3. Tumia jiwe lote, siyo katikati tu. Jiwe likishimika katikati, lisugueni juu ya saruji iliyo sawa, kwa mchanga na maji, mpaka lirudi bapa.

4. Endelea mpaka upapase upande bapa kwa kidole, ukitoka ndani kwenda nje, usikie kikucha chembamba cha chuma ukingoni kote. Hiyo ni dalili kwamba umefika kwenye makali. Kama hujakisikia, usiache.

5. Hamia upande laini wa jiwe, rudia. Kisha laza upande bapa na kuvuta mara mbili tatu, kile kikucha kiondoke. Malizia kwa kusugua juu ya ngozi ya mshipi wa zamani.

Jaribio: kata kichwa cha kipande cha saiprasi, yaani pale nyuzi zinapoishia. Ukipata sehemu laini inayong'aa, kisu kiko tayari. Ukipata unga na vishimo, rudi kwenye jiwe.

Onyo moja. Kisu kilichovunjika ukingo wengine hukipeleka kwenye mashine ya umeme ya kunolea. Ni sawa, lakini kichovyeni kwenye maji kila mara. Kikigeuka rangi ya bluu kimeungua, na pale kilipoungua hakitashika makali tena.

KUPANGA KISU

Rudisha kifuniko juu ya upande bapa wa kisu. Ukingo wa kifuniko ukae nyuma ya makali kwa kama milimita moja na nusu, karibu unene wa njiti ya kiberiti. Kwa kazi ya kulainisha sogeza karibu zaidi. Kifuniko lazima kigusane na kisu bila mwanya. Kikiwa na mwanya, maranda huingia pale na kuziba mdomo.

Ingiza kisu mshazari ukiangalia chini. Huku ndiko kuweka vizuri. Juu chini ndiko walikoweka wale wenzetu. Kaza kibano, lakini si kwa nguvu nyingi kiasi cha gurudumu kukataa kuzunguka.

Sasa ipindue randa, tumbo juu, uitazame kutoka mbele kama unayelenga. Zungusha gurudumu mpaka mstari mweusi mwembamba kama unywele uonekane. Kama umeinama upande mmoja, usawazishe kwa mkono ule wa chuma ulio nyuma ya kisu. Anza na kidogo sana. Ni afadhali usukume mara kumi upate maranda membamba kuliko kusukuma mara moja ukang'oa kipande.

KUPIGA RANDA

Ubao usiokauka usiuguse. Mbao mbichi huziba randa, na hata ukifaulu kuunyoosha, utajipinda baadaye. Zipangeni mbao kivulini, vijiti kati yake, hewa ipite, na mziache miezi kadhaa. Kiangazi cha Desemba hadi Februari kitasaidia. Kabla ya kuanza, ondoeni misumari, changarawe na udongo. Jiwe dogo moja linamaliza kazi ya saa nzima ya kunoa.

Fungeni ubao barabara. Jiriwa ni nzuri, lakini hata kipande cha mbao kilichopigiliwa mwisho wa meza kama kizuizi kinatosha. Ubao ukitembea, randa haitembei.

Someni nyuzi. Tazameni ubavu wa ubao muone nyuzi zinapanda kuelekea wapi. Piga randa kufuata kule zinakopanda. Ni kama kupapasa ng'ombe: ukipeleka mkono kufuata malazi ya manyoya, yanalala, ukienda kinyume, yanasimama. Nyuzi zikisimama, randa inazing'oa. Ukisikia sauti ya kukwaruza na kuona vishimo, geuza ubao.

Simama mguu mmoja mbele, usukume kwa mwili wote, siyo kwa mikono peke yake. Unapoanza, kandamiza mbele ya randa. Katikati, sawasawa. Unapomaliza, kandamiza nyuma. Usipofanya hivyo, ncha zote mbili za ubao zitakuwa zimeliwa na katikati kuna kilima. Paka tumbo la randa mshumaa mara kwa mara, utashangaa inavyoteleza.

Ukifika kwenye kifundo, na saiprasi ina vifundo vingi, punguza kisu, elekeza randa mshazari kidogo, nenda polepole. Ukipiga randa kichwa cha ubao, toka kila upande uishie katikati, usivuke hadi ng'ambo, la sivyo ukingo wa mwisho utapasuka.

Fuata utaratibu: uso mmoja kwanza mpaka unyooke, kisha ubavu mmoja mpaka uwe sawa na skwea, kisha pima upana, mwisho unene. Kumbukeni ubao wa inchi moja ukipigwa randa nyuso zote mbili hubaki kama robo tatu ya inchi au zaidi kidogo. Hesabuni hilo kabla ya kununua mbao.

RANDA YA KIKUNDI NI YA NANI?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo halimo katika vitabu vya useremala. Kifaa cha watu 14 mara nyingi hakina mwenyewe. Kila mtu anakitumia, kila mtu anafikiri mwingine atakinoa. Jumatatu ni kikali, Ijumaa ni butu, na mwezi ujao watu wanatafuta wa kumlaumu. Vikundi tulivyoona vikifaulu hufanya hivi:

Huchagua mtunza vifaa mmoja, na kumpa kitabu cha kuandika nani amechukua nini na lini.

Huweka sheria kwamba aliyeazima randa anairudisha ikiwa imenolewa. Asiyejua kunoa haazimi mpaka ajifunze. Sheria hii ina faida mbili, maana inalinda randa na inafundisha watu.

Hutenga kiasi kidogo kutoka kila kazi kwa ajili ya kisu kipya, jiwe na mafuta. Haba na haba hujaza kibaba.

Huipangusa randa kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni, kwa sababu mvua na ukungu wa mlima wetu huleta kutu upesi. Huilaza kwa ubavu, au juu ya kijiti, siyo kisu kikikandamiza saruji.

Na hawatupi maranda. Ya mbao kavu isiyopakwa dawa huwa matandiko mazuri ya kuku, na huwasha moto haraka.

Kama hakuna anayejua kunoa kati yenu, msione haya. Tafuteni mzee fundi, mmlipe nauli na chai, awafundishe siku moja. Au mpeleke vijana wawili katika chuo cha ufundi, vile tulivyokuwa tukiviita politekniki za kijiji. Wakifuzu wanaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, na cheti hicho husaidia wakati wa kuomba kazi.

Sisi tulirekebisha orodha yetu. Siku hizi jiwe la kunolea huandikwa juu, kabla ya randa. Na hatuondoki kwenye kikundi mpaka tumeona kwa macho yetu angalau watu wawili, mmoja wao mama, wakinoa kisu na kutoa randa refu lisilokatika.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni vifaa gani vya kikundi chetu vimelala bila kutumika? Je, vimeharibika kweli, au havijanolewa?
2. Nani kati yetu anajua kunoa? Amewafundisha wangapi?
3. Kazi ikirudishwa, sisi huanza kwa kutafuta kosa au kwa kutafuta mtu?
4. Kitabu cha vifaa kiko wapi, na mara ya mwisho kiliandikwa lini?

Jadilianeni, mchague katibu aandike majibu, na mkutano ujao myasome tena.